Neno Moja katika Ripoti ya Boila

Pale kiwandani hakuna aliyemwita mfasiri kwa jina lake. Walimwita Nukta, tangu siku ile alipomrudishia mkurugenzi barua mara tatu kwa sababu ya nukta iliyokaa pasipo pake. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi mguu mmoja, na woga wake ulijulikana na kila mtu. Aliogopa lifti. Aliogopa mbwa, hata wale wa kufungwa. Simu ikiita zaidi ya mara nne, alishika kifua. "Huyu hukiomba radhi hata kivuli chake akikikanyaga," shangazi yake alizoea kusema, na shangazi ndiye aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, kwa hiyo alikuwa na haki ya kusema.

Kifaransa hakukitafuta, kilimkuta utotoni. Baba yake alikuwa fundi wa reli, akahamishiwa nchi ya jirani ambako shule zilifundisha kwa Kifaransa, na Nukta akakaa huko mpaka darasa la sita. Kiingereza alikuja kukisoma baadaye, vitabuni. Kiwanda kilikuwa cha mablanketi. Mashine zake zilitengenezwa na watu wanaoandika Kifaransa, nao wakubwa wa ofisini walisoma Kiingereza, na katikati yao akawekwa yeye, kwenye chumba chembamba kati ya stoo ya karatasi na choo cha wanaume, na kompyuta moja, feni isiyogeuza shingo, na kamusi mbili kuukuu. Miaka kumi na mmoja alifanya kazi humo bila kuandikiwa barua ya onyo hata moja.

Jumanne moja asubuhi, zamu ya kwanza ndiyo kwanza imeingia, bomba la mvuke linalotoka kwenye boila lilipasuka katika chumba cha kutia rangi. Nukta alisikia mlio kama gunia la bati limemwagwa, kisha kelele za watu. Wanawake wawili waliunguzwa, mmoja mkono, mwenzake uso na kifua. Mwendesha boila, mzee mmoja mpole aliyeitwa Mzee Geji kwa sababu hata akizungumza nawe jicho moja lilibaki kwenye geji zake, saa za kupimia mvuke, aliingia ndani ya ule mvuke akafunga valvu kwa mikono mitupu. Alitoka viganja vimechunika.

Wiki iliyofuata watengenezaji wa boila wakamleta mhandisi wao kutoka ng'ambo. Alikaa siku tatu, akapiga picha, akagongagonga mabomba, akaandika ripoti ya kurasa saba kwa Kifaransa, akaondoka. Meneja wa ufundi, mwanamume mnene mwenye sauti ya chini, ndiye aliyemletea Nukta hizo kurasa.

"Nataka Kiingereza chake kabla ya saa nane," alisema. "Wakubwa wanakaa kikao."

"Saa hizi ni saa tano, bosi. Kurasa saba..."

"Saa nane, bibie."

Alizifasiri mbio mbio, chai ikipoa pembeni. Ukurasa wa tano mhandisi alieleza juu ya ile sehemu ya bomba iliyochomelewa, akasema kwamba ilikuwa *sabotée*. Nukta hakusimama hapo hata kidogo. Neno hilo liko Kiingereza vilevile, herufi kwa herufi karibu, na saa ilikuwa inamkimbiza. Aliandika kwamba ile sehemu ilifanyiwa *sabotage*, akafungua ukurasa wa sita. Saa nane kasoro dakika tano meneja alizichukua karatasi bila kusema asante.

Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, wanaume wawili wasiovaa sare walimchukua Mzee Geji pale getini. Nukta hakuwaona. Aliona watu wakirudi kantini wamenyamaza, na mwanamke mmoja wa idara ya ufungaji akaketi mbele yake na sahani asiyoigusa.

"Wamemfunga pingu juu ya bandeji," yule mwanamke alisema.

"Nani?"

"Mzee Geji. Eti hujuma. Eti alilegeza bomba makusudi kwa sababu alikuwa akidai glovu mpya tangu mwaka jana na hakupewa."

"Nani kasema hujuma?"

"Imeandikwa kwenye ripoti ya yule mhandisi. Meneja kawasomea wote kwenye kikao. Neno lenyewe limo."

Nukta aliiacha sahani yake. Akanyanyuka, akarudi chumbani kwake na kufunga mlango kwa komeo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nakala ya ile ripoti ya Kifaransa ilikuwa bado kwenye kompyuta. Akafungua ukurasa wa tano, akausoma polepole, kama alivyopaswa kuusoma mara ya kwanza.

Mhandisi hakuishia kwenye lile neno. Aliendelea: kutu haikusuguliwa kabla ya kuchomelea, mshono una matundu, upande mmoja ni mwembamba kama karatasi, na juu yake pamepakwa rangi ili pasionekane. Maneno hayo yote Nukta aliyafasiri sawasawa kwa mkono wake mwenyewe, na hakuona kwamba mtu anayetaka kulipasua bomba hahangaiki kulipaka rangi. Hapo akamkumbuka mwalimu wake wa darasa la nne, kule nchi ya jirani, aliyemwinulia juu daftari lake la ramani mbele ya darasa zima na kumwambia, kwa neno hilohilo la Kifaransa, kwamba kazi yake ameisaboti. Alikuwa amechora mito kwa haraka ili akacheze. Hakuna aliyemshtaki kwa kuhujumu ramani.

Akavuta kamusi kubwa. Alifunua kwa pupa hata akachana kona ya ukurasa. Kamusi ilianzia mbali: *sabot*, kiatu cha ubao kilichochongwa kutoka kipande kimoja cha gogo, ndugu wa mtalawanda, walichovaa wakulima wa huko kwenye matope, na asili ya jina lenyewe wataalamu hawana hakika nayo. *Saboter*, kutembea kwa kishindo na viatu hivyo. Kisha, kufanya kazi ovyo ovyo, kwa pupa, kama mtu anayepita na miguu mizito juu ya kila kitu. Mwisho kabisa, kuharibu kwa makusudi. Kiingereza kilipolichukua neno hilo, miaka mia moja na kitu iliyopita, kilichukua ile maana ya mwisho tu na zile nyingine kikaziacha zilikotoka.

Nukta alifunga kamusi, akakaa ameikumbatia. Kijasho chembamba kilimtiririka mgongoni ingawa feni ilikuwa ikimpuliza usoni.

Alichofanya baadaye kilikuwa kosa la mtu asiyezoea siri. Alikwenda kwa katibu muhtasi kuuliza nani aliyekuwa amechomelea lile bomba, na lini. Katibu muhtasi alimtazama, akasema atauliza. Haikupita nusu saa, meneja wa ufundi aliingia chumbani kwa Nukta bila kubisha hodi, akarudishia mlango, akakaa juu ya meza, paja lake likifunika kamusi zote mbili.

"Nasikia unaulizia mabomba siku hizi," alisema.

"Nilitaka... kulikuwa na neno, bosi."

"Neno liko pale, si ndiyo? Mhandisi mwenyewe kaliandika."

"Ndiyo, lakini—"

"Wewe umeongeza kitu?"

"Hapana."

"Umepunguza?"

"Hapana, bosi."

"Basi." Alitabasamu, na lile tabasamu lilimwogopesha Nukta kuliko kama angefoka. "Sikiliza, dada yangu. Fundi aliyechomelea pale nilimleta mimi, na kazi nikaikagua mimi, na saini ni yangu. Sasa ukienda kusema ulikosea, unajua watakuuliza nini? Ulikosea, au ulipewa chochote ili ukosee? Watu wawili wameungua. Mmoja hajui kama jicho litaona tena. Hizo ni kesi za kumpoteza mtu. Polisi wana vyumba vingi, hawatashindwa kukupatia chako." Aliinuka, akamwekea sawa kalamu iliyokuwa imelala mshazari mezani. "Tafsiri yako ni nzuri. Iache ilivyo."



Jioni alimweleza shangazi yake kila kitu. Shangazi alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke aliyewahi kumfukuza mwizi kwa ufagio, mwenye ulimi usiomwogopa chifu wala jirani. Alikuwa amekaa mkekani anakunja nguo zilizokauka. Nukta alitegemea atafokewa: jikaze, nenda kaseme. Shangazi alikunja mashuka mawili, akayakunjua, akayakunja tena.

"Kuna mtu mwingine anayejua Kifaransa hapo kwenu?" aliuliza.

"Hakuna."

"Basi hakuna atakayejua."

"Shangazi!"

"Usiniite kwa sauti hiyo. Mimi nina wewe tu. Kaka yangu aliniachia mtoto mmoja, hakuniachia wawili. Wakikuweka ndani, mimi na miguu hii nitafikaje kukuangalia?" Mikono yake, ile iliyopokea watoto wa mtaa mzima, ilikuwa ikilikunjua shuka lilelile kwa mara ya tatu. Nukta hakuwahi kumwona shangazi akiogopa. Kama huyu naye ameogopa, alijiambia, basi hofu yangu si ya ujinga, kuna kitu kweli cha kuogopwa.

Akanyamaza Jumamosi na Jumapili. Chakula hakikushuka. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje, alikwenda kuchungulia pazia.

Jumatatu asubuhi, alipofika getini, alimkuta mama mmoja wa makamo amesimama na mfuko wa plastiki wenye shati lililopigwa pasi. Mlinzi alikuwa anamwelekeza aondoke. Yule mama alipomwona Nukta na miwani yake, akamfuata.

"Mwanangu, wewe ndiye yule msomi wa lugha?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ni mke wa Mzee Geji. Nimemuuliza askari, nimemuuliza mlinzi, nimemuuliza na yule meneja wenu, kila mmoja ananitupia neno kisha anageuka. Wanasema hujuma. Mimi hilo nalisikia redioni, la wakubwa wa nchi. Nieleze wewe. Mume wangu amefanya kitu gani?"

Nukta aliinua macho. Nyuma ya kioo cha ofisi ya ghorofani aliona kivuli kinene kimesimama, au alidhani ameona.

"Hajafanya kitu, mama," alisema.

"Mbona wamemkamata?"

"Nimefanya mimi."

Yule mama alimtazama asielewe. Nukta alimwomba asubiri, akapanda mpaka chumbani kwake, akachukua kamusi kubwa na nakala ya ukurasa wa tano, Kifaransa na Kiingereza chake, akavitia kwenye mkoba, akateremka kwa ngazi za nyuma. Hakuaga mtu. Wakaongozana mpaka kituo cha polisi, mwendo wa dakika ishirini, na njiani mara mbili Nukta alisimama akashika ukuta. Mara ya pili yule mama alimpokea mkoba akaubeba mwenyewe, bado hajui anakwenda kusikia nini.

Mpelelezi alikuwa mtu wa makamo aliyekunja mikono ya shati vizuri, na faili la Mzee Geji lilikuwa mbele yake. Alimsikiliza Nukta akieleza, sauti yake ikikatika katikati ya maneno, kisha akaegemea kiti.

"Neno hilo nalijua vizuri," alisema. "Tulifundishwa chuoni. Wafanyakazi wa zamani huko Ulaya walivua viatu vyao vya mbao wakavitupia ndani ya mashine. Ndiyo asili yake. Tena inafanana na kesi hii kabisa."

"Hiyo ni hadithi tamu, afande, lakini waliochunguza maneno hawajapata ushahidi wake. Kiatu ni kweli. Kukitupa ndiko hakujulikani."

"Kwa hiyo wewe unajua kuliko chuo?"

"Hapana, afande." Alijua akinyamaza hapo amekwisha, na Mzee Geji amekwisha pia. "Afande, fundi akikujengea ukuta wa haraka haraka, mwezi haujaisha umepata ufa, unasemaje?"

"Nasema kalipua kazi."

"Kuna baruti hapo?"

Askari aliyekuwa anaandika kwenye meza ya pembeni alicheka, akajifanya anakohoa. Mpelelezi hakucheka, lakini alinyoosha mkono kuchukua ule ukurasa.

"Sasa mgeni aliyejifunza lugha yetu nusu," Nukta aliendelea, maneno yakimtoka yote kwa pamoja, "akisoma 'fundi kalipua bomba la mvuke', ataandika kwao kwamba kuna mtu amelilipua kwa baruti. Atakuwa amesoma neno lililopo, afande, hakuongeza, hakupunguza. Na fundi atafungwa. Mimi ndiye huyo mgeni. Mhandisi alisema kazi ilifanywa ovyo. Angalia mistari ya chini: kutu, matundu, rangi juu yake. Mzee huyu hachomelei. Yeye anaangalia geji."

Mpelelezi alisoma kile Kiingereza cha mistari ya chini, mara mbili.

"Unaelewa kwamba unakiri kuwa taarifa yako imemweka mtu mahabusu?"

"Naelewa."

"Na kwamba naweza kukuweka wewe pia mpaka nijue uliandika vile kwa sababu gani?"

"Naelewa, afande," alisema, na hapo machozi yakamtoka, si ya kuomba huruma, yalitoka tu. Mlangoni, mke wa Mzee Geji alikuwa amesimama ameushika mkoba kwa mikono miwili. Sasa alikuwa ameelewa. Uso wake ulikuwa umejifunga kabisa.

"Kwa nini nikuamini wewe na nisiiamini karatasi?" mpelelezi aliuliza.

"Usiniamini mimi. Muulize aliyeandika."

Wakamwandikia mhandisi barua pepe. Nukta alikataa kugusa kompyuta, asije mtu akasema amemwekea mhandisi maneno mdomoni. Aliyataja maneno herufi moja moja, mpelelezi akachapa kwa kidole kimoja: hapo ukurasa wa tano, ulimaanisha mtu aliharibu kwa makusudi, au kazi ilifanywa vibaya? Kisha mpelelezi alichukua kitambulisho cha Nukta, akamwambia asitoke mjini.

Jibu lilichukua siku nne. Kiwandani hakurudi, alituma ujumbe kwamba anaumwa, na haukuwa uongo. Nyumbani alikaa kwenye kiti kilichotazama mlango. Shangazi hakumlaumu. Alimkalia karibu, akamtia viazi mdomoni kama mtoto, akasema mara moja tu, "Mimi nilikuambia unyamaze, wewe ukaenda. Sijui nikupige au nikubusu." Siku ya pili gari lilisimama nje ya lango, mlango wake ukafungwa kwa kishindo, na wote wawili wakashikana mikono kimya mpaka wakasikia ni jirani ameletewa godoro.

Siku ya nne jioni mpelelezi alipiga simu. Iliita mara sita kabla Nukta hajaweza kuipokea.

"Kajibu," mpelelezi alisema. "Mwanzo kaandika kwa Kiingereza cha kuokoteza ili nielewe, na ana hasira kweli. Anasema hakuna mtu aliyekata kitu wala kulegeza kitu, fundi alifanya kazi ya hovyo, na ameleta picha kumi na mbili. Njoo uchukue kitambulisho chako. Na uje unifasirie haya mengine ya Kifaransa, lakini safari hii polepole."

Mzee Geji alitoka kesho yake, baada ya siku nane ndani. Fundi aliyechomelea aliitwa kuhojiwa, na meneja wa ufundi akaambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Nukta alirudi kazini akakuta watu wengine wanamsalimia kwa kumshika bega na wengine wanahama meza. Mwisho wa mwezi aliletewa barua kwamba mkataba wake hautaendelea. Aliisoma akiwa amesimama, akakusanya kamusi zake. Kilichomshangaza ni kwamba hofu haikuondoka pamoja na kazi. Miezi ilipita naye bado anachungulia pazia pikipiki ikipunguza mwendo.

Mzee Geji alikuja nyumbani kwao Jumapili moja baada ya adhuhuri. Shangazi alimkaribisha, akaingia ndani kwa makusudi. Mzee alikaa, viganja vyake vimekaza ngozi mpya nyekundu, vidole havikunjiki.

"Kwa hiyo ni wewe uliyeandika," alisema.

"Ni mimi, mzee. Nisamehe."

"Siku nane. Bandeji hazikubadilishwa hata mara moja." Alisema bila kupandisha sauti. "Mke wangu anasema ulikwenda mwenyewe, ukitetemeka kama umenyeshewa. Hilo nimelisikia. Kusamehe, bado. Nitakwambia ikifika."

Nukta aliinamisha kichwa.

"Nimekuja kwa jambo jingine," mzee aliendelea. "Wale akina mama wawili walioungua, kiwanda kinasema hakiwajui. Yule mhandisi ana picha. Nataka umwandikie atuletee na sisi, na aseme kwa maandishi ajali ilitokana na nini, ili wapate matibabu ya maana. Mimi nitakaa hapahapa. Kila neno utakaloandika, utaniambia maana yake. Likiwa na maana mbili, utaniambia zote mbili."

Nukta alileta karatasi na kamusi. Herufi ya kwanza ikatoka mbovu, akaifuta. Mzee Geji alivuta kiti karibu na meza, akainama kutazama.

"Hilo la kwanza," alisema, "linasema nini?"